Saa mbili ya nani?

Shangazi macho yamechoka, kusoma kwenye simu hawezi, nikamwambia ongea tu, hiyo AI ya simu itakuwekea alamu. Akasema taratibu kabisa, "nikumbushe dawa saa mbili usiku." Dawa ikapita, alamu ikaja kulia saa nane usiku, nyumba nzima macho! Yaani 2 ya mashine. Akaniuliza, "mwanangu, kwani mi sijui kuongea?" Hapo ndo nikaumia, maana kosa sio lake jamani, mashine inajua kile ilicholishwa tu na wazee kama yeye humo ndani ni wachache mno.

Na sio lugha peke yake. 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kutambua jinsia kwa sura, wanaume wenye ngozi nyeupe makosa hayakufika hata 1%, wanawake wenye ngozi nyeusi yakafika karibu 35%. Eti kompyuta haibagui.

Mi nimeanza kurekodi sauti kwenye Common Voice ya Mozilla, mradi wa kukusanya sauti za watu za kufundishia mashine, Kiswahili kimo na data wanaitoa bure. Shangazi naye anataka, kwahiyo namsomea sentensi, yeye anarudia.