Jumatatu Moja Florence

Dada yangu anayeishi Roma ametualika, mimi na baba, kwenye ubatizo wa mwanawe, na katika siku saba tutakazokaa huko ni moja tu isiyo na shughuli za kifamilia, nayo ni Jumatatu. Siku hiyo tutakwenda Florence. Treni ya mwendo wa kasi kutoka Termini, stesheni kuu ya Roma, hufika Santa Maria Novella, stesheni ya Florence, kwa saa moja na nusu hivi, kwa hiyo tukiondoka saa moja asubuhi na kupanda ya kurudi saa moja jioni, tutakuwa na zaidi ya saa kumi mjini.

Kasoro ya Jumatatu ni kwamba jumba la sanaa la Uffizi hufungwa, na lile la Accademia pia, ambamo imo sanamu halisi ya Daudi iliyochongwa na Michelangelo kati ya 1501 na 1504. Nilipoligundua hilo nilitaka kuifuta safari. Baba, aliyekuwa mezani kwangu hapa Kisumu akimchambua ngege wake, hakuinua hata macho. “Kwani mji huo hauna mto?” akauliza.

Sisi ni watu wa Budalang'i. Kwenye ukuta wa sebule ya baba upo mstari wa makaa alioupiga mwenyewe mwaka ambao Nzoia ilivunja tuta na maji yakamfika kifuani, na kila nyumba inapopakwa rangi, fundi huambiwa auache mstari huo ulivyo. Florence nako zipo alama za namna hiyo, vibao vya mawe vilivyobandikwa ukutani, vingine juu kabisa ya kichwa cha mtu, vikionyesha maji ya mto Arno yalipofika tarehe 4 Novemba 1966. Ilikuwa sikukuu, na wengi walikuwa bado vitandani. Katika mtaa wa Santa Croce kina kilizidi mita sita mahali pengine, na maji yenyewe yalikuwa yamechanganyika na mafuta mazito ya kupashia nyumba joto, yaliyokuwa yamehifadhiwa katika vyumba vya chini. Matope ya Nzoia hukauka yakafagiliwa. Sijui ningeanzia wapi na matope yenye mafuta.

Basi ratiba imejipanga kwa kuufuata mto. Asubuhi tutaanzia jumba la makumbusho la kanisa kuu, kuona milango ya jengo la ubatizo, ya shaba iliyopakwa dhahabu, iliyomchukua mchongaji Ghiberti miaka 27 kuitengeneza. Mafuriko yaling'oa vipande vitano kati ya kumi, na ndiyo sababu mojawapo ya ile halisi kuwekwa ndani siku hizi huku nakala zikisimama nje. Kuba la kanisa hilo kuu, kazi ya Brunelleschi, lililojengwa kati ya 1420 na 1436, tutalitazama tukiwa chini, kwa kuwa lina ngazi 463 bila lifti na magoti ya baba hayana mjadala. Nilimweleza kwamba matofali yake yalipangwa kama mifupa ya samaki ili yashikane yenyewe bila kuegemezwa kwenye jukwaa la mbao kutoka chini. Akautazama uti wa ngege uliobaki sahanini, akaugeuza kwa kidole, akaridhika.

Daudi tutamwona kwa nakala, katika uwanja wa Signoria, pale aliposimama yule halisi hadi 1873. Chakula cha mchana kitakuwa lampredotto, yaani matumbo ya ng'ombe ndani ya mkate, yanayouzwa vibandani. Sioni sababu ya kumtafutia mzee wa Budalang'i kitu kingine.

Alasiri yote nimeiachia kanisa la Santa Croce. Wamezikwa humo Michelangelo na Galileo, lakini ninachokitaka mimi ni msalaba uliochorwa na Cimabue, uliopoteza zaidi ya nusu ya rangi yake majini. Waliourekebisha hawakuchora upya kilichopotea ili kuficha, mapengo yanaonekana. Nadhani baba atasimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Tutamalizia Ponte Vecchio, daraja la 1345, ambalo Wajerumani waliliacha walipobomoa mengine yote mnamo Agosti 1944.

Viza zimeshatoka. Jana baba alinituma dukani nimnunulie futi ya fundi, ile ya chuma inayojikunja, na akasisitiza iwe ya mita zisizopungua tano.