Doksisaiklini: ninavyoimeza na ninavyoipangia saa

Doksisaiklini ni antibayotiki. Nimeitoa mara nyingi kwenye dirisha la famasi, na nimeimeza mwenyewe. Malalamiko mengi ninayoyasikia juu yake hayatokani na dozi. Yanatokana na namna ilivyomezwa, na vitu vilivyomezwa karibu nayo. Kwa hiyo utaratibu wangu unahusu maji, saa na jua. Hayo matatu yakikaa sawa, dawa hii kwa kawaida haina fujo.

Dozi ni ya daktari, si yangu, ila huwa naihakikisha kabla sijaondoka famasi. Kidonge au kapsuli ya mtu mzima mara nyingi ni miligramu 100. Maambukizi mengi hutibiwa kwa miligramu 200 siku ya kwanza, kisha 100 kwa siku. Mengine, kama klamidia (ugonjwa wa zinaa), ni 100 kila baada ya saa 12 kwa siku 7. Msafiri anayejikinga na malaria humeza 100 kila siku, akianza siku 1 au 2 kabla ya kuingia eneo lenye ugonjwa na kuendelea wiki 4 baada ya kutoka. Hizo wiki 4 za mwisho ndizo watu huziacha, kumbe ndizo zenye kazi kubwa: dawa hii haiaminiki kuvimaliza vimelea vilivyo kwenye ini, inavingoja vitoke viingie kwenye damu. Ukiacha mapema, vinatoka na kukuta njia nyeupe.

Sasa kumeza. Naijaza glasi maji, kama mililita 200 hadi 250. Kwanza napiga mafunda mawili ili koo lilowe, naweka kidonge, kisha nakunywa glasi yote mpaka iishe. Nafanya hivyo nimekaa wima au nimesimama, na silali wala kuinama kwa muda usiopungua nusu saa. Saa nzima ni bora zaidi. Mate hayatoshi, wala funda moja la maji.

Sababu ni hii. Doksisaiklini ikiyeyuka kwenye unyevu kidogo hutengeneza tindikali kali. Umio, ile njia ya chakula inayoshuka nyuma ya moyo, hubanwa kidogo katikati ya kifua na mshipa mkuu wa damu unaopita hapo. Kidonge kikikwama mahali hapo, kinayeyukia papo hapo na kuunguza ukuta wake mpaka kidonda. Kapsuli ni mbaya zaidi, kwa sababu ganda lake likilowa hunata. Ndiyo maana mtu aliyeimeza na kijiko cha maji akapanda kitandani hapo hapo anaweza kuamka na maumivu katikati ya kifua, akahisi kila tonge linamchoma likishuka, hata maji baridi. Wengi hudhani ni kiungulia au ni moyo. (Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, au yanayokuja na jasho na kukosa pumzi, hayangoji ubishi wa chanzo: ni hospitali.)

Kidonda cha umio kwa kawaida hupona dawa ikisimamishwa, katika siku kadhaa au wiki chache, lakini uamuzi wa kubadilisha dawa ni wa daktari. Kuacha tu kimyakimya kunayaacha maambukizi nusu njia. Ukiwa na shida ya kumeza tangu zamani, au unakaa kitandani muda mwingi, sema kabla hujaandikiwa. Wapo wanaopewa vidonge vya kuyeyushwa kwenye maji, au dawa nyingine kabisa.

Kwa dozi mbili kwa siku mimi hutumia saa moja asubuhi na saa moja jioni. Kwa dozi moja, asubuhi tu. Lebo ikisema "mara mbili kwa siku", wengi huisoma kama asubuhi na wakati wa kulala, na dawa hii haitakiwi kabisa wakati wa kulala.

Kichefuchefu ndiyo kero ya kawaida, na hapa doksisaiklini ina unafuu kuliko tetrasaiklini, ndugu yake wa zamani: inaweza kumezwa na chakula. Chakula hupunguza kiasi kinachoingia mwilini, lakini si kwa kiwango cha kuharibu tiba. Mimi humeza katikati ya mlo, si kabla, na mlo huo hauna maziwa wala mtindi.

Shida kubwa ni madini. Doksisaiklini hushikamana na kalsiamu, magnesiamu, alumini, zinki na madini ya chuma. Vikishikamana huwa donge ambalo utumbo hauwezi kulifyonza, na dawa inatoka chooni ilivyo. Anayeumwa atasema dawa haifanyi kazi, wakati haikuingia. Kwa hiyo naangalia vitu ambavyo watu hawavihesabu kuwa dawa: vidonge vya kutafuna vya kiungulia, vya kuongeza damu, multivitamini, unga wa virutubisho uliotiwa kalsiamu. Vyote hivyo navisogeza angalau saa mbili hadi tatu mbali na doksisaiklini. Kwa ratiba ya saa moja na saa moja, mahali pake ni saa saba mchana, katikati kabisa.

Chuma ina ujanja wake wa ziada. Sehemu ya doksisaiklini iliyokwisha kuingia kwenye damu hurudi utumbo kupitia nyongo, kisha hufyonzwa tena. Chuma ikiwa utumboni huidaka kwenye safari hiyo ya kurudi, kwa hiyo hata kutenganisha saa hakumalizi tatizo lote. Kama dozi ni ya wiki moja tu, namuuliza daktari kama vidonge vya damu vinaweza kusubiri. Kwa mjamzito au mwenye upungufu mkali wa damu hilo si la kujiamulia.

Nikisahau dozi, naijaza glasi maji na kumeza mara ninapokumbuka. Ikiwa muda wa dozi inayofuata umekaribia, naiacha iliyopita na kuendelea na ratiba. Sirundiki mbili pamoja: hazirudishi kilichopotea, zinaongeza kichefuchefu tu.

Jua. Ngozi ya anayetumia doksisaiklini huungua upesi na vibaya kuliko ilivyo kawaida yake, na ngozi nyeusi haiko salama kwa sababu ya weusi wake. Dalili huanza kama kuwaka au kuchonyota usoni, masikioni, puani na mgongoni mwa viganja, kisha wekundu au kugeuka rangi, wakati mwingine malengelenge. Kucha zinaweza kuuma na kuachana na nyama. Miale inayofanya hivyo hupenya kioo cha dirisha, kwa hiyo dereva haponi kwa kuwa ndani ya gari. Mimi huvaa mikono mirefu na kofia pana, na sehemu zilizobaki wazi napaka mafuta ya kukinga jua yenye kiwango cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi na yanayozuia pia miale ya aina ya A. Mafuta peke yake, bila nguo, siyaamini.

Kuna dalili chache ambazo haziendi na subira. Kichwa kinachouma kwa nguvu na hakitulii, pamoja na kuona ukungu, kuona vitu viwili au macho kufifia kwa sekunde, huweza kuwa shinikizo kupanda ndani ya fuvu. Ni nadra, na huwapata zaidi wanawake vijana wenye uzito mkubwa, lakini ukichelewa uoni unaweza kupotea moja kwa moja. Hatari huongezeka dawa hii ikichanganywa na isotretinoini ya chunusi au vitamini A kwa dozi kubwa, kwa hiyo mchanganyiko huo haufanywi. Upele wenye homa, midomo kuchubuka, uso kuvimba au kifua kubana navyo ni vya kukimbilia matibabu siku hiyo hiyo, bila kumeza dozi nyingine.

Homa na kutetemeka ndani ya saa 24 za mwanzo ni jambo tofauti kwa anayetibiwa kaswende, homa ya papasi au leptospirosisi (homa ya mgunda). Vijidudu vinapokufa kwa wingi mwili huchachamaa. Si mzio, na mara nyingi hutulia ndani ya siku, ila mtoa huduma aambiwe ili aitofautishe na mzio.

Kwa wajawazito, hasa nusu ya pili ya mimba, dawa hii kwa kawaida huepukwa, kwa sababu hujishikiza kwenye meno na mifupa inayojengeka. Kwa watoto wa chini ya miaka 8 onyo la zamani lilikuwa kali, lakini woga huo ulitokana zaidi na tetrasaiklini za mwanzo. Leo dozi fupi hukubalika pale ugonjwa unapodai. Kwa magonjwa makali ya riketsia (bakteria wanaoenezwa na kupe na wadudu wengine), CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inaishauri kwa umri wowote. Mzazi akiandikiwa na daktari aliyejua umri wa mtoto, asikimbilie kuificha dawa kabatini.

Dawa nyingine ninazotumia namtajia daktari zote bila kuchagua. Rifampisini ya kifua kikuu, na dawa za kifafa kama fenitoini, kabamazepini na fenobabitali, huifanya ini iichome doksisaiklini haraka mno. Pombe ya kila siku kwa miaka hufanya vivyo hivyo. Wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, yenyewe huzidi nguvu, na damu ipimwe mapema. Vidonge vya uzazi wa mpango haviathiriki na doksisaiklini, isipokuwa umetapika au umehara sana. Wenye figo dhaifu wana bahati kidogo hapa, kwani sehemu kubwa hutoka kwa njia ya utumbo na kwa kawaida dozi haibadilishwi.

Siweki akiba ya vidonge vilivyobaki. Miaka ya 1960 madaktari waliandika juu ya wagonjwa walioharibika figo kwa tetrasaiklini iliyooza, na familia hii ya dawa haipendi joto, unyevu wala mwanga. Chumba cha kuogea si mahali pake. Masalia nayarudisha famasi.

Kozi ikiisha bado naangalia choo. Kuhara maji mara tatu au zaidi kwa siku, au choo chenye damu, hata wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, kunaweza kuwa bakteria wa utumbo waliopata nafasi wenzao walipouawa. Hapo sinywi loperamidi ya kufunga tumbo. Naenda kupimwa, na namtajia daktari antibayotiki niliyomaliza na tarehe niliyoimaliza.