Siku moja na maji moto: kutoka mkoroshoni hadi kwenye kipeperushi

Saa 12:15 asubuhi

Niko chini ya mkorosho wa mzee mmoja, nje kidogo ya mji wa Muheza. Upepo bado haujaamka na wadudu wazito kwa baridi. Nawatafuta maji moto, wale chungu wekundu-kahawia wanaoshona majani mabichi kuwa viota. Afisa ugani wa kata yetu anaandaa kipeperushi cha wakulima, na anataka picha moja inayomwonyesha maji moto akimshughulikia mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi ya mkorosho. Watu wengi huvichoma viota vyao kwa sababu wanauma. Yeye anataka viachwe, maana maji moto ndio askari wa machipukizi.

Lenzi ya milimita 90, tundu lake dogo kwa f/11, na flashi niliyoivika plastiki nyeupe ili mwanga usiwe mkali. Maji moto hafiki hata sentimita moja. Ukimsogelea akajaza picha yote, sehemu inayoonekana kwa ukali inakuwa nyembamba mno: jicho linatoka safi, miguu ya nyuma inakuwa ukungu. Kwa hiyo narudi nyuma kidogo kwa makusudi. Ukali unaongezeka, mdudu anakuwa mdogo, na kazi iliyobaki nitaimaliza mezani kwa kukata kingo za picha.

Jua linapoanza kupenya, wawili wanamkamata mbu wa mikorosho karibu na chipukizi, mmoja mguu, mwingine kipapasio, wanamvuta huku na huku. Napiga mfululizo. Mkono mmoja umeshaumwa, lakini tawi silitikisi.

Saa 3:00

Studio. Kwanza nanakili picha zote kwenye kompyuta na kwenye diski ya pembeni, ndipo nianze kuchuja. Kigezo cha kwanza ni jicho la mbu wa mikorosho. Likiwa na ukungu, picha inafutwa hata kama mengine yote yamekaa vizuri, kwa sababu hakuna programu itakayorudisha kitu ambacho lenzi haikukiona. Watu huvuta kile kitelezi cha ukali hadi mwisho wakidhani wanaokoa picha, kumbe wanachora tu mistari myeupe kuzunguka ukungu ule ule.

Kigezo cha pili ni kile kipini kilichosimama mgongoni mwa mdudu huyu, chembamba, chenye kichwa mwishoni. Kwa wataalamu ndicho kitambulisho chake. Kikizama kwenye rangi ya jani nyuma yake, mdudu anaweza kuwa yeyote.

Imebaki moja.

Saa 5:00

Kukata. Mimi hukata kabla ya kugusa rangi, maana hakuna faida ya kuhangaika na kona ya picha ambayo baadaye utaitupa.

Picha nzima ina pikseli 6000 kwa 4000, yaani megapikseli 24. Nakata 2400 kwa 1600. Ukifanya hesabu, nimebakiwa na sehemu ya sita tu ya picha, na inatisha ukiifikiria hivyo. Lakini karatasi ya kipeperushi, A5, ina upana wa sentimita 14.8, na kwa uchapaji wa pikseli 300 kwa inchi inahitaji pikseli 1748 tu. Bado nina akiba. Swali la kujiuliza ni picha itachapwa kwa ukubwa gani. Asilimia iliyotupwa haimhusu mtu.

Ugumu uko ukingoni. Kuna maji moto wa tatu anaingia kutoka kushoto, nusu yuko ndani, nusu nje. Ningeweza kumfuta kwa brashi. Vumbi la kwenye sensa ya kamera nalifuta bila kujiuliza, lile halikuwepo mkoroshoni. Chungu alikuwepo. Ama aingie mzima, ama abaki nje mzima, na hilo nalimaliza kwa kusogeza ukingo, si kwa brashi. Nimemwacha nje. Nageuza picha digrii chache ili tawi lipande kutoka kona ya chini, na naacha nafasi zaidi upande wanakomvutia yule mdudu, macho yapate pa kwenda.

Saa 7:00

Wanafunzi, picha za pasipoti. Mandhari ya buluu, kola zinanyooshwa, kila mmoja anataka alainishwe uso. Chakula cha mchana, wali na maharage, nakila kwenye kaunta.

Saa 9:00

Rangi. Nafanyia kazi faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera, kwenye Darktable, programu ya bure. Chini ya majani kila kitu hupata ukijani, kwa hiyo asubuhi nilipiga pia karatasi nyeupe pale pale. Sasa naitumia kusawazisha weupe, na ule ukijani unaondoka wenyewe.

Kishawishi ni kuongeza wekundu. Kwenye simu ingependeza sana. Ila maji moto akizidi wekundu anakaribia kufanana na mdudu anayeliwa, ambaye naye ana wekundu wake, na msomaji atashindwa kujua nani anamla nani. Nimepunguza tu mwanga wa jani lililong'aa nyuma, nikainua kivuli chini ya tumbo la mdudu, basi. Chenga zilizoletwa na ISO 800, yaani kuongeza usikivu wa kamera kwa mwanga, nazilainisha nyuma tu, miili siigusi. Ukali unakuja mwisho kabisa, baada ya picha kupunguzwa hadi ukubwa wa kuchapwa.

Saa 11:00 jioni

Nachapa nakala kwenye printa ya studio na kumpelekea mwenye mkorosho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo umeniletea nini?"

Anaishika mbali, hana miwani. "Maji moto hawa. Na huyu wanayemvuta?"

Namwambia ni mbu wa mikorosho. Anaitazama tena, hajaridhika. "Mbu akipita, chipukizi huwa na madoa meusi, halafu linakauka. Mbona hapa silioni?"

Chipukizi lile lilikuwepo, na madoa yake, sentimita moja juu ya mdudu. Kipini cha mgongoni ni cha wataalamu. Mkulima adui yake anamjua kwa madhara.

Saa 1:00 usiku

Kukata tu ndiko kunaanza upya, marekebisho ya rangi yote yamebaki. Ukingo wa juu unapanda hadi chipukizi lionekane na madoa yake, na ili uwiano ule ule ubaki picha inakuwa 3300 kwa 2200. Wadudu wamepungua ukubwa. Maji moto wa tatu naye ameingia, mzima.

Saa 2:30 usiku

Natuma kwa WhatsApp kama dokumenti, maana ukituma kama picha inabanwa na pikseli zote nilizozihesabu zinapotea njiani.

Afisa ugani anajibu haraka: "Asante sana kaka! Sasa nikatie na ya wima kwa ajili ya jalada."

"Ya wima haitoki humu dada. Tawi limelala, nikikata wima lazima mmoja apoteze miguu."

"Kwa hiyo?"

Kwa hiyo betri ziko kwenye chaji, na safari hii navaa mikono mirefu.