Mshale ukipotea gizani, umepotea na habari yake

Hii naiandika kwa ndugu zangu tunaowinda na upinde huku Ohio, maana kila mwaka ikifika mwezi wa 11 lazima nipigiwe simu na mtu yuko porini usiku anatafuta mshale na tochi ya simu, na mi mwenyewe yalishanikuta.

Msimu wangu wa kwanza ilikuwa msitu wa Wayne National Forest, niko juu ya dungu nimekaa toka saa 9 mchana. Huo mwezi saa zikisharudishwa nyuma, kama wanavyofanya huku kila mwaka, jua linazama kama saa 11 na robo hivi jioni, na sheria ya hapa inakuruhusu kupiga mpaka nusu saa baada ya jua kuzama, sasa hiyo nusu saa ndo kulungu wanatembea kweli kweli na ndo giza nalo linaingia. Akaja jike, yadi 18, nikaachia, nikasikia ile "tap", akaruka akapotea. Mshale ulipita ukatokea upande wa pili. Mshale wenyewe mweusi wa kaboni, manyoya mekundu, na chini majani ya mwaloni yamejaa hadi kwenye vifundo vya miguu, ya kahawia na mekundu hivyohivyo. Nimetafuta saa nzima na nusu sijauona, damu naona tone hapa tone kule, nikasema ngoja nimfuate tu. Nikamkurupusha alipokuwa amelala, nikasikia matawi yanavunjika huko mbele, basi.

Asubuhi nilivyorudi mshale ulikuwa hatua sita tu kutoka pale niliposimama usiku, umejipenyeza chini ya majani kama nyoka, kimebaki kipande cha nyuma tu kinachungulia. Nikaunusa. Harufu ya tumbo kabisa, na uchafu wa kijani umegandia kwenye manyoya. Ningeuona usiku ule ningejua nimempiga utumbo, ningeenda zangu nyumbani, nikirudi kesho yake namkuta palepale alipolala. Nilimkuta mbali sana, koyoti, wale mbwa mwitu wadogo wa huku, wameshamaliza. Iliniuma na mpaka leo inaniuma, mnyama kateseka usiku kucha na nyama hakuna mtu aliyeila.

Ndo maana nasema mshale sio hela tu. Ukiwa na damu ya pinki yenye mapovu hayo ni mapafu, subiri nusu saa ufuate. Damu nyeusi-nyeusi nzito ni ini, mpe masaa manne au zaidi. Ukiona kijani na harufu ondoka kimyakimya, masaa 8 hadi 12. Bila mshale mkononi unabahatisha. Na tusisahau chembe, yaani vichwa vya mishale, za siku hizi ni wembe mtupu, ukiziacha kwenye majani atakuja kuzikanyaga mbwa au mtoto wa mtu.

Nimekulia upande wa Mang'ola, karibu na ziwa Eyasi huko Tanzania, Wahadzabe, wale wawindaji wa upinde, tunawajua vizuri. Kiangazi maji yakipungua wanavizia usiku kwenye maji, na akishapigwa mnyama na mshale wa sumu hawakurupuki kumkimbilia, wanampa muda ndo wanafuata alama. Nilikuwa nayaona hayo nikiwa mdogo, nikaja kuyasahau Marekani nikiwa na upinde wa mamia ya dola.

Sasa dawa yake. Mi natumia noki ya taa. Noki ni kile kiplastiki cha nyuma ya mshale kinachong'ata upote (kamba ya upinde), sasa hizi zina kitaa cha LED na kibetri chembamba kama njiti, jamii ileile ya betri wanazoweka kwenye maboya ya kuvulia samaki usiku. Ukiachia, upote unaisukuma noki ndani, swichi inajibonyeza, taa inawaka, unauona mshale unavyoruka na unapoingia, na ukianguka unabaki unawaka. Chukua kijani, jicho gizani linaanza kuipoteza nyekundu kabla ya rangi nyingine.

Ila zina mambo yake. Noki ya kawaida haifiki gramu moja, ya taa inakaribia moja na nusu, na uzito ukiwa nyuma mshale unabadilika kidogo, kwa hiyo fanya mazoezi na noki hiyohiyo usije ukaifunga siku ya kuwinda. Hakikisha pia imekaa sawa na kipenyo cha mshale wako, pakti ya kwanza niliyonunua mbili kati ya tatu hazikuwaka kabisa. Na soma sheria za jimbo, maana magharibi huko kuna majimbo yalikuwa yanakataza kitu chochote cha umeme kwenye mshale, hata klabu ya Pope and Young inayotunza rekodi za wawindaji wa upinde ilikuja kuzikubali 2014. Kwangu ni haki kabisa, taa haikusaidii kulenga, inakusaidia kumpata uliyempiga.

Kama huna hela ya hizo, funga stika ya rifleta mbele ya manyoya, zile kama za nyuma ya malori. Hazitaki betri. Ila rifleta inarudisha mwanga kulekule ulikotoka, kwa hiyo vaa tochi ya kichwani, karibu na macho, ukiishika kiunoni utapita pembeni ya mshale usiuone. Manyoya weka meupe, damu inasomeka vizuri. Na kabla hujashuka kwenye dungu shika alama ya mti mnyama aliposimama, ukifika chini kila kitu kinafanana.

Mwaka jana jioni kama ileile nimeachia, nikaona kijani kimepita katikati ya kulungu kikaenda kusimama kwenye gogo kando ya kijito, kinawaka. Nimeshuka taratibu, nimeuchomoa, pinki na mapovu mpaka kwenye manyoya. Nikakaa juu ya hilo gogo nusu saa na mshale magotini, alafu nikaizima noki na ncha ya kisu nikaitia mfukoni, nikaanza kufuata damu. Alikuwa yadi 60 tu mbele.