Jambo Moja Tu Lisilowezekana: Kujipiga Picha za Ajabu Zikaaminika

Picha ya ajabu ya nafsi yako, ile unayoelea hewani, unayokaa ndani ya chupa au unayobeba kichwa chako mkononi, mara nyingi huharibika kabla hata kompyuta haijawashwa. Watu huilaumu programu, kumbe fremu zenyewe, yaani picha mojamoja zinazounganishwa, ndizo hazikubaliani. Kanuni ninayoishikilia ni hii: picha moja iruhusiwe jambo moja tu lisilowezekana. Mwanga, vivuli, fokasi na pembe ya kamera vyote viseme kweli. Kimoja kikidanganya, jicho la mtazamaji linagoma, hata kama mwenyewe hajui limegomea nini.

Kazi hii si ya juzi. Mwaka 1840 Mfaransa Hippolyte Bayard alijipiga picha akijifanya maiti ya mtu aliyekufa maji. Baadaye sana, Mmarekani Jerry Uelsmann aliunganisha negativu kadhaa kwenye karatasi moja ndani ya chumba cha giza, bila kompyuta. Tunachofanya leo kwa leya, yaani picha zilizopangwa moja juu ya nyingine kwenye kompyuta, ni kazi ileile.

Tuanze na kamera. Ifunge kwenye stendi na usiisogeze tena mpaka umalize. Weka M (kila kitu unakipanga mwenyewe), apacha, yaani tundu la lenzi, iwe f/8, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe kati ya 100 na 400. Kasi ya shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga, isiwe chini ya 1/125 ya sekunde kama unatulia, na ianzie 1/500 kama unaruka au unarusha kitambaa. Rangi ya mwanga (white balance) nayo ichague mwenyewe, jua au mawingu. Ukiiacha ijiamulie, kamera inaweza kubadili rangi ya ukuta kwa sababu tu umeingia na nguo nyekundu, nawe utatoka na fremu kumi zenye kuta kumi tofauti. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata.

Fokasi ndiyo inayowasumbua wengi wanaojipiga wenyewe. Simamisha kitu mahali utakaposimama, hata fagio lililoegemezwa kwenye kiti, shika fokasi hapo, kisha hamisha swichi kutoka AF (kamera inajishikia fokasi) kwenda MF (unaishika mwenyewe). Usipofanya hivyo kamera itatafuta fokasi upya kila fremu, na ukishatoka itaushika ukuta wa nyuma. Tena kwenye lenzi nyingi fokasi ikihama, ukubwa wa vitu nao unabadilika kidogo, kwa hiyo fremu hazilingani tena pembezoni hata kama stendi haikutikisika.

Taima ya sekunde 10 inatosha kuanzia. Bora zaidi ni kuiamuru kamera ipige yenyewe kila sekunde 3, ili akili yako ibaki kwenye mkao badala ya kukimbia huku na huku. Piga picha tupu, yaani mandhari bila wewe, kabla ya kuingia na tena baada ya kutoka. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa, na wingu moja likipita mwanga unabadilika papo hapo. Ukiwa na picha tupu mbili utachagua ile inayolingana na fremu yako nzuri.

Kwa kuelea, kigoda kinashinda kuruka. Ukiruka, uso unakaza na mabega yanapanda, na mtu anaona wazi kwamba umeruka. Lala kwa tumbo au kwa mgongo juu ya kigoda chembamba, kisha kifute kwa kutumia picha tupu. Shida iko pale mwili unapogusa mbao: nyama inabanwa na nguo inakunjika bapa, na hata kigoda kikifutwa, ule ubapa unabaki kusema palikuwa na kitu. Dawa yake ni kupiga fremu za ziada ukiwa umekaa palepale, huku ukirusha upindo wa gauni au shati. Kitambaa kinachoning'inia kutoka kwenye fremu hizo ndicho kitakachoufunika ubapa. Nywele vilevile: zirushe katika fremu yake peke yake. Kamera iwe chini, usawa wa goti, na utaonekana uko juu zaidi kuliko ulivyo.

Kujifanya mdogo kunahitaji hesabu, na hapa ndipo picha nyingi zinapoanguka. Tuseme unataka kukaa ndani ya chupa ukiwa umepunguzwa mara 10, na chupa umeipiga kwa umbali wa sentimita 50, kamera ikiiinamia kwa nyuzi 30. Basi nawe ujipige kwa umbali wa mita 5, kwa nyuzi zilezile. Kamera iliyokuwa sentimita 25 juu ya usawa wa chupa sasa inatakiwa mita 2.5 juu ya usawa wako, kwa hiyo tafuta ngazi au dirisha la ghorofani. Ukijipiga ukiwa umesimama usawa wa macho na kamera halafu ukajipunguza, miguu itakataa kukaa kwenye sakafu ya chupa, wala hakuna kiraka cha programu kitakachoitengeneza. Mwanga utoke upande uleule. Na kwa kuwa kitu kilichopigwa kwa karibu huwa na fokasi finyu, ukungu wa nyuma ya chupa usiuondoe. Ndio unaomshawishi mtazamaji kwamba ulimwengu huo ni mdogo.

Kwenye kompyuta, GIMP ni bure na inatosha, Photopea inafanya kazi ndani ya kivinjari, na Photoshop inajulikana. Weka picha tupu chini, fremu yako juu yake, kisha ficha usichotaka kwa maski, yaani pazia linaloficha sehemu ya leya bila kuifuta. Usifute kabisa, kwa sababu utataka kurudi. Brashi iwe ngumu kiasi kwenye ukingo wa ngozi na laini kabisa kwenye kivuli. Maski kali mno inaacha mtu kama aliyekatwa kwa mkasi. Ilainishe pikseli moja hivi.

Kivuli ndicho shahidi mkuu. Anayeelea kivuli chake kimeachana na mwili, na kadiri anavyopanda ndivyo kingo zinavyolegea na weusi unavyofifia. Kivuli halisi cha mwili wako kwenye fremu ya kigoda kitunze, futa kile cha kigoda tu. Ukilazimika kuchora kipya, tumia leya ya Multiply, inayotia giza kilicho chini yake, na rangi uichukue kutoka kwenye kivuli kingine kilichomo pichani. Nyeusi tupu inajitangaza, maana vivuli vya nje huwa na ubluu wa anga.

Rangi zipatanishe kwa leya moja ya Curves, yaani mchirizi wa kurekebisha mwanga na rangi, juu ya kila kitu, na chembechembe za mwisho (grain) zimwagike juu ya picha nzima, si juu yako peke yako. Kisha kagua: geuza picha kushoto kulia, ifanye nyeusi na nyeupe, halafu pandisha kontrasti hadi inachukiza. Viraka vyote vitajitokeza.

Wakati wa kuposti, punguza ukubwa wa picha kwanza, inoe (iongezee ukali) baadaye. Upana wa pikseli 1080 kwa urefu wa 1350 unafaa kwenye simu. Hifadhi JPEG kwa sRGB, nafasi ya rangi iliyozoeleka mtandaoni. Nafasi nyingine za rangi huonekana zimepauka kwenye baadhi ya skrini. Ondoa data za mahali zilizofichwa ndani ya faili, hasa kama umepigia nyumbani. Itazame kwanza ikiwa na upana wa sentimita tatu, kwa maana ndivyo wengi watakavyokutana nayo. Lile jambo lisilowezekana lisipoonekana hapo, kata kingo za picha upya.

RAW zote zitunze, na picha tupu pia. Siku hizi swali la kwanza ni kama picha imetengenezwa na akili bandia, na jibu linaloeleweka haraka ni kuposti fremu tatu mfululizo: mahali patupu, wewe juu ya kigoda, na kazi iliyokamilika.