Valvu zangu zilikuwa nzima, jamani

Amplifaya ya redio yangu ya kurushia mawimbi iligoma, na kila niliyemuuliza aliniambia valvu, zile chupa za kioo za kukuza mawimbi, zimekufa. Mmoja yuko Dar, hajaiona amplifaya yangu hata kwenye picha, akasema: "Mzee, agiza nyingine tu Marekani." Valvu mbili za aina yangu, 3-500Z, ukiweka na usafiri na ushuru, kwangu ni kama kuuza ng'ombe wa maziwa. Nikasema ngoja kwanza.

Ugonjwa wenyewe: nawasha, inanguruma sekunde chache, fyuzi inakatika. Nikachomoa valvu zote mbili nikazilaza kabatini juu ya sweta, nikawasha tena. Fyuzi ikakatika vilevile! Sasa valvu iliyolala kabatini inakataje fyuzi?

Nikafungua. (Mle ndani kuna volti 3,000. Mimi nachomoa waya ukutani, nakwenda kunywa chai, nikirudi bado naimaliza chaji iliyobaki kwa rezista (kipande cha kuzuia umeme usipite kwa kasi) niliyoifunga kwenye fimbo ya plastiki, mkono mmoja mfukoni.) Kapasita, vile vikopo vya kutunza chaji, ziko nane, zimefuatana kwa mstari, kila moja ya volti 450. Moja ilikuwa imevimba tako na kuvuja uji wa kahawia. Nikafurahi kama nimeokota hela.

Hapo ndipo ujuaji uliponiponza. Nilikuwa na kapasita ya runinga mbovu, ya volti 400. Elfu tatu gawanya kwa nane ni 375, haizidi 400, hesabu ya watoto. Nikaifunga, nikabadili fyuzi, nikawasha. Ikakaa kimya kama dakika moja, mimi natabasamu, halafu PAA! Makaratasi kama manyoya ya kuku hadi darini, na harufu ya samaki aliyeungua. Mke wangu akasimama mlangoni na mwiko: "Baba, umeua nini humo?" Siku tatu sikugusa kitu.

Kumbe kosa halikuwa kwenye kapasita. Kila moja ina rezista yake ya kugawanya volti sawasawa, ya ohmu 30,000. Nikazikata mguu mmoja mmoja nikazipima: saba nzima, ya nane imepanda hadi 110,000. Kapasita iliyokaa nayo ikawa inabebeshwa volti za wenzake. Ungeweka hata kapasita mpya ya dukani, ingekufa tu. Badilini zote, kapasita na rezista. Zangu zilitoka Kariakoo kwa basi, kama laki na nusu hivi, sikuandika.

Safari hii sikuthubutu kuwasha moja kwa moja. Nilitaka balbu ya wati 100, ile ya waya, niiunge kwenye njia ya umeme kabla ya amplifaya, ili kukiwa bado na shoti iwake balbu tu, kisilipuke kitu. Madukani Mwanjelwa, hapa Mbeya, wana za LED tu. Nikakumbuka jirani yangu hapa Uyole anafuga vifaranga, na kwa baridi hii ya Juni wanaota balbu. Akanikopesha moja kwa masharti.

Nikawasha. Balbu ikawaka kwa nguvu zote na haikushuka. Kumbe ule mlipuko ulikuwa umeua na dayodi mbili, vile vipande vya kupitisha umeme upande mmoja tu. Nikazibadili, nikawasha tena: ikamulika, ikafifia, ikabaki nyekundu kama kaa la mkaa. Nilipiga kelele peke yangu.

Valvu zilezile za kabatini ndizo zinazofanya kazi mpaka leo. Jioni hiyo jirani akapiga hodi: "Mwalimu, balbu yangu. Vifaranga wameshaanza kurundikana."