Nilivyoichora sukari yangu kwenye Eksel

Kisukari aina ya kwanza (mwili hautengenezi insulini, lazima nijichome) ninacho mwaka wa 8 sasa, na hapa Ngamiani, Tanga, kila mtu daktari. Huyu mlonge, yule maji ya bamia, mjomba wangu ndo kabisa, "anko we acha tu sindano, kunywa mlonge, mwili utazoea." Ningemsikiliza mngekuwa mshakula pilau la hitma yangu.

Mi nafundisha hesabu sekondari, nikasema sukari nayo si hesabu tu. Nikafungua Eksel, ile programu ya mahesabu ya kompyuta, wanga unapandisha kadhaa, yuniti moja ya insulini inashusha kadhaa, jumlisha toa kwisha. Nikajiona profesa. Siku ya tatu nimejichoma, nimekula mkate wa kumimina na chai, baada ya lisaa limoja napima sukari 14 (milimoli kwa lita), Eksel inadai iwe 8. Nikaona dozi ndogo hii, nikaongeza yuniti 6. Saa nne usiku niko barazani nasahihisha madaftari, alama za vema zinacheza, jasho mpaka kalamu inateleza, mtoto wa 20 nimempa 80. Pima: 2.7. Mke wangu alinikamata kidevu akaninywesha soda kama mtoto anayekataa dawa.

Fomula yangu ilidhani insulini inafanya kazi papo hapo. Ile niliyokuwa nayo inaanza baada ya nusu saa, kilele masaa mawili mpaka manne, kwa hiyo dozi ya pili imeikuta ya kwanza ndo inapamba moto. Kumbe mtafiti Richard Bergman na wenzake walishaliweka hilo kwenye modeli yao ya hesabu ya sukari na insulini 1979, ucheleweshaji una mlinganyo wake peke yake. Mi nimeligundua kwa jasho.

Sasa stripu, vile vijikaratasi vya kupimia sukari. Boksi lake bei si mchezo, nani atapima kila saa? Nikala vilevile kwa saa zilezile siku 12 (mke alinuna). Siku ya kwanza napima saa 1 asubuhi na saa 1 usiku, ya pili saa 2 na saa 2, hivyo hivyo mpaka saa 12, halafu zote nikazipachika kwenye siku moja. Masaa 24 kwa stripu 24, ukiacha za kabla ya sindano!

Mchoro ukasema kitu: kuanzia saa tisa usiku sukari inapanda na sijagusa hata chungwa la Muheza. Daktari akaniambia homoni za alfajiri hizo, ini linamwaga sukari, akanibadilishia sindano ya usiku. Siku hizi naamka na 6, 7.

Mjomba kauona mstari umetulia, kasema si nilikwambia mlonge unafanya kazi.